John Browning: fundi aliyeonyesha kuwa bastola hupimwa kama mizani

HAKUNA mnunuzi makini wa pamba huko Mwamapalala, mkoani Simiyu, anayelipia mizani kabla ya kuweka juu yake jiwe ambalo uzito wake anaujua. Mkulima naye hanunui bomba la kunyunyizia dawa bila kulijaza maji na kuangalia kama linavuja. Hata hivyo, inapofika zamu ya bastola, chombo ambacho baadhi ya wafanyabiashara huomba kibali cha kukimiliki ili kulinda fedha na mali, ni rahisi mtu kuishia kutazama jina lililochorwa ubavuni na jinsi chuma kinavyong'aa.

Mtu ambaye kazi yake ilionyesha wazi kuwa bastola nayo ni ya kupimwa ni John Moses Browning, fundi wa Kimarekani aliyefariki dunia mwaka 1926. Maisha yake yana mafunzo mawili kwa mkulima na mfanyabiashara mdogo. La kwanza ni namna ya kutambua chombo bora. La pili ni namna ya kuuza matunda ya jasho bila kupunjwa.

Mtoto wa karakana

Browning alizaliwa Januari 23, 1855 mjini Ogden, katika eneo la Utah. Baba yake, Jonathan Browning, alikuwa fundi bunduki na muumini wa kanisa la Wamormoni, mwenye wake watatu na watoto 22. Ogden wakati huo ulikuwa mji mdogo wa wakulima na wafugaji, na karakana ya mzee huyo ilipokea kila kilichovunjika.

Mtoto John alikulia humo. Alijua majina ya sehemu za bunduki mapema kama mtoto wa mfugaji anavyojua rangi za ng'ombe. Akiwa na umri wa miaka kama 10, aliunda bunduki yake ya kwanza kwa mtutu uliotupwa, vyuma chakavu na kipande cha ubao. Shule aliiacha akiwa na miaka 15. Hakuwahi kusomea uhandisi darasani.

Mwaka 1878 alibuni bunduki ya kupakia risasi moja moja, na Oktoba 1879 akapata hataza, yaani hati ya serikali inayomlinda mbunifu asiibiwe kazi yake. Baba yake alikuwa amefariki Juni mwaka huo huo. John na ndugu zake wakafungua kiwanda kidogo cha familia, wakatengeneza bunduki karibu 600.

Mwaka 1883 muuzaji wa kampuni kubwa ya Winchester alikutana na bunduki moja kati ya hizo, akaipeleka makao makuu. Mmoja wa wakubwa wa kampuni hiyo, T. G. Bennett, akafunga safari ya treni kuvuka nchi hadi Ogden. Akainunua haki ya bunduki ile kwa dola 8,000. Kwa vijana wa mji ule, hizo zilikuwa fedha nyingi mno.

Kuuza jumla au kulipwa kwa kila moja

Kwa karibu miaka 20 Browning aliiuzia Winchester ubunifu wake kwa njia hiyo hiyo: fedha taslimu mara moja, kisha basi. Kampuni ilinunua bunduki zake zaidi ya 40, lakini iliingiza sokoni 10 tu. Zilizobaki ilizifungia kabatini ili washindani wasizipate. Miongoni mwa zilizouzwa ilikuwamo ya mwaka 1894, ambayo iliendelea kununuliwa na wawindaji kwa miongo mingi. Faida ya miaka hiyo yote ilibaki kwa kampuni.

Mkulima yeyote aliyewahi kuuza mazao yakiwa bado shambani anaielewa biashara hiyo. Fedha huja haraka na shida ya siku hiyo huondoka, lakini bei ikipanda wakati wa mavuno, anayecheka ni mnunuzi.

Mabadiliko yalikuja kwa sababu ya bunduki ya risasi za marisau inayojipakia yenyewe, ambayo Browning aliihesabu kuwa miongoni mwa kazi zake ngumu kuliko zote. Safari hii alitaka alipwe kiasi fulani kwa kila bunduki itakayouzwa. Bennett alikataa. Browning akabeba bunduki yake na kuondoka, na ushirikiano wa karibu miaka 20 ukaishia hapo.

Januari 8, 1902 alikwenda kuonana na mkuu wa kampuni ya Remington, Marcellus Hartley. Akiwa anasubiri, aliletewa habari kuwa mzee huyo amefariki ghafla mchana ule. Browning hakurudi kwa Winchester kuomba radhi. Alipanda meli kwenda Ubelgiji, kwenye kiwanda cha FN kilichopo Herstal, karibu na mji wa Liège, akapata mkataba alioutaka. Kisha yeye mwenyewe akaagiza bunduki 10,000 za toleo la kwanza ili ziuzwe Marekani. Zilikwisha ndani ya muda mfupi.

Winchester walijaribu kutengeneza ya kwao bila kugusa hataza ya Browning. Bunduki waliyoitoa mwaka 1911 ilipakiwa kwa kuvuta mtutu kwa mkono. Ilipokwama, baadhi ya watu waliweka kitako chini na kuusukuma mtutu huku ukiwaelekea usoni, na wapo waliopoteza maisha. Bei ya kumkatalia fundi hodari ilikuwa kubwa.

Bastola inavyojipakia

FN walikuwa wanamfahamu Browning tangu mwaka 1897, na kilichowaunganisha kilikuwa bastola.

Inasimuliwa kuwa mnamo mwaka 1889, akiwa kwenye shabaha, aliona majani yakilala kila bunduki ilipolia. Wengi walikuwa wameona hivyo. Yeye alijiuliza kwa nini nguvu ile ipotee bure wakati ingeweza kufanya kazi ya kupakia risasi inayofuata. Kutokana na swali hilo zilizaliwa bunduki zake za rashasha, na baadaye bastola za kujipakia. Mwaka 1896 aliingia mkataba na kampuni ya Colt kwa soko la Marekani, na mwaka uliofuata na FN kwa soko la Ulaya. Kugawa soko namna hiyo kulimwezesha kulipwa pande zote mbili za bahari.

Namna bastola yake kubwa inavyofanya kazi si vigumu kuielewa. Risasi inapolia, mtutu na sehemu ya juu inayoteleza hurudi nyuma pamoja zikiwa zimefungamana. Baada ya mwendo mfupi sana, risasi ikiwa imeshatoka, mtutu huinamisha kisogo chake na kuachana na sehemu hiyo. Sehemu ya juu huendelea kurudi nyuma, hutupa ganda tupu, kisha springi huirudisha mbele ikiwa imechukua risasi mpya kutoka kwenye magazini. Kila risasi huhitaji kuvuta kifyatulio upya, na ndiyo maana huitwa nusu otomatiki.

Kipimo cha risasi 6,000

Jeshi la Marekani lilipotaka bastola mpya, lilipima zilizoshindania zabuni hiyo kwa miaka kadhaa. Hatua ya mwisho ilifanyika Machi 1911, kati ya bastola ya Browning iliyotengenezwa na Colt na ile ya kampuni ya Savage. Kila moja ilipigwa risasi 6,000. Baada ya kila risasi 100 iliachwa ipoe, na baada ya kila 1,000 ilisafishwa na kutiwa mafuta. Bastola ya Savage ilipata hitilafu 37. Ya Browning haikupata hata moja.

Ilipitishwa rasmi Machi 29, 1911 na kupewa jina la M1911. Ilibaki bastola ya kawaida ya jeshi hilo hadi mwaka 1985.

Funzo kwa mnunuzi liko wazi. Sifa ya kwanza ya bastola ni kutokukwama, na hilo haliwezi kuonekana kwa macho dukani. Huonekana kwa kupiga, tena kwa risasi za aina ile ile mwenye nayo atakayozitumia. Magazini nayo ikaguliwe kwa makini, kwa kuwa midomo yake ikipinda au springi yake ikilegea, bastola nzuri hugeuka kuwa mbovu.

Ya mashindano na ya kubeba

Browning hakubuni bastola moja kwa kazi zote, na hapo ndipo wanunuzi wengi hukosea. M1911 ina uzito wa zaidi ya kilo moja ikiwa haina risasi, hubeba risasi 7 kubwa kwenye magazini, na kifyatulio chake hurudi nyuma moja kwa moja kwa mwendo mfupi. Uzito huo humtuliza mpigaji mkono usirushwe juu, na kifyatulio chepesi husaidia shabaha. Ndiyo maana washindani wa kulenga shabaha waliipenda, na bastola za mtindo huo zilikuwa tele mikononi mwa washindani wakati shirikisho la kimataifa la upigaji wa vitendo, IPSC, lilipoanzishwa mwaka 1976 huko Columbia, Missouri.

Kwa kubeba siku nzima chini ya shati, uzito huo huo ni adha. Kwa kazi hiyo Browning alibuni bastola ndogo za FN, kama ya mwaka 1900 na ya mwaka 1910, ambazo ni nyembamba na hazina sehemu nyingi za kunasa kwenye nguo. Lakini bastola ndogo ina mtutu mfupi na mahali padogo pa kushika, hivyo huhitaji mazoezi zaidi ili kupata shabaha. Aidha, kifyatulio chepesi kinachosifiwa uwanjani kinaweza kuwa hatari kiunoni kama sefti ni mbovu au mwenye nayo hana mafunzo.

Kwa hiyo anayechagua aanze na kazi, kisha atazame kama bastola inakaa vizuri mkononi mwake, kama risasi zake na vipuri vinapatikana kihalali nchini, na kama sefti inashika kila mara. Jina lililochorwa ubavuni lije mwisho.

Upande wa kiza

Kazi ya Browning haikuishia kwenye uwindaji na shabaha. Juni 28, 1914, kijana Gavrilo Princip alitumia bastola ya FN ya mwaka 1910 kumuua Franz Ferdinand, mrithi wa ufalme wa Austria, mjini Sarajevo. Vita vilivyofuata vilifika hadi Afrika Mashariki, ambako maelfu ya wapagazi walikufa kwa maradhi na njaa katika ugomvi usio wao. Chanzo cha vita kilikuwa kikubwa kuliko bastola moja, lakini tukio hilo linakumbusha kuwa ubora wa chuma hauchagui mkono.

Marekani ilipoingia vitani mwaka 1917, serikali ilihitaji silaha zake. Browning, mtu aliyewahi kuvunja na Winchester kwa sababu ya malipo, alikubali dola 750,000 kwa mkupuo, kiasi kidogo mno kikilinganishwa na ambacho angelipwa kwa kila silaha. Alijua thamani ya kazi yake, na safari hii aliamua mwenyewe kuisamehe sehemu yake.

Alichoacha

Browning alifariki kwa ugonjwa wa moyo Novemba 26, 1926 akiwa kazini katika kiwanda cha FN, mwanawe Val akiwa naye huko. Alikuwa na miaka 71 na hataza 128. Bastola yake ya mwisho ilikamilishwa na Mbelgiji Dieudonné Saive na kutolewa mwaka 1935 kwa jina la Hi-Power. Ilikuwa na magazini ya risasi 13, na ilitumiwa na majeshi ya nchi zaidi ya 50. Namna yake ya kufunga na kufungua mtutu ndiyo msingi wa bastola nyingi zilizokuja baadaye, ikiwamo Glock ya Austria iliyotoka miaka ya 1980.

Kwa Mtanzania, ubora wa bastola hauna maana bila sheria. Umiliki wa silaha unasimamiwa na Sheria ya Usimamizi wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na njia ya kuipata hupitia polisi, si kwa rafiki anayeuza kwa bei poa. Bastola isiyo na karatasi humfanya mwenye nayo kuwa mhalifu hata kama hajawahi kuifyatua. Vilevile, kwa mnunuzi wa pamba aliyekuwa akibeba fedha nyingi njiani wakati wa msimu, malipo ya benki na ya simu, yaliyoanza kuenea nchini mwaka 2008, yamepunguza sababu moja kubwa ya kujibebesha silaha. Kabla ya kuuliza bastola ipi, ni busara kukokotoa kwanza kama hatari iliyopo inaweza kuondolewa kwa njia ya bei nafuu zaidi.

Anayebaki na haja ya kweli anacho kipimo tayari, na ni kile kile cha Machi 1911: iwe imepigwa, imehesabiwa ilivyokwama, na imesafishwa mbele ya macho ya mnunuzi. Fundi wa Ogden hakuogopa kipimo hicho. Muuzaji anayekiogopa, mwache na mali yake.