Henrietta Leavitt: Alilipwa senti, akatuachia kipimo cha anga

Hebu fikiria uko kijijini usiku, unatazama taa za nyumba kwenye kilima cha ng'ambo. Zote ziko umbali karibu sawa na wewe, kwa hivyo ile inayong'aa zaidi ndiyo yenye nguvu zaidi. Fikra rahisi kama hiyo ndiyo iliyomwezesha Henrietta Swan Leavitt kubadilisha elimu ya nyota.

Alizaliwa Julai 4, 1868, Massachusetts, Marekani, akamaliza chuo mwaka 1892. Baadaye ugonjwa ulimharibu masikio, akawa hasikii vizuri. Katika kituo cha nyota cha Chuo Kikuu cha Harvard alianza kwa kujitolea. Alipoajiriwa, akalipwa senti 30 kwa saa. Darubini waliachiwa wanaume. Yeye na kina dada wenzake waliketi mezani wakikagua picha za anga zilizopigwa kwenye vioo, nukta kwa nukta.

Vioo vingine vilitoka Arequipa, Peru, vikionyesha Wingu Dogo la Magellan. Usidanganywe na jina: hiyo ni galaksi ndogo, tena yenye metali chache kuliko yetu. Mwaka 1908 alichapisha orodha ya nyota 1,777 zinazobadilika mwangaza katika Mawingu mawili ya Magellan. Si mchezo! Baadhi zilikuwa Sefeidi, nyota kubwa zilizokwisha kupita ujana, ambazo hutanuka na kunywea.

Mwaka 1912, baada ya kulinganisha 25 kati yao, akaonyesha kwamba nyota inayochukua siku nyingi kung'aa na kufifia ndiyo yenye mwangaza mkubwa. Kumbe ukihesabu siku, unajua nguvu ya taa; ukijua nguvu, unaweza kukokotoa umbali!

Ripoti ilitoka kwa jina la mkubwa wake, Edward Pickering, ingawa ilieleza kuwa kazi ni ya Leavitt. Saratani ilimuua Desemba 12, 1921. Miaka michache baadaye, Edwin Hubble alitumia kipimo hicho kuthibitisha kwamba Andromeda ni galaksi nyingine kabisa. Mwaka 1925 mwanahisabati wa Uswidi, Gösta Mittag-Leffler, alimwandikia barua akitaka kumpendekeza kwa Tuzo ya Nobel. Hakujua ameshazikwa.

Desemba hii, ukiwa mbali na taa za mji, tazama kusini, chini angani, mwendo wa saa mbili usiku. Ukiona doa hafifu jeupe, ndilo wingu lake hilo. Sasa unajua nani alilihesabu.