IBN AL-QAYYIM NA MGONJWA WA NYUMBANI KWAKO

Bismillahir-Rahmanir-Rahim.

Ndugu yangu Mwislamu, ukiniletea mtoto mwenye homa nimsomee Faatiha, nitamsomea. Lakini kwanza sikiliza habari za mtu ambaye jina lake linatajwa sana katika mambo haya.

Imamu Ibn al-Qayyim alizaliwa mwaka 691 wa Hijra, yaani 1292, nchi ya Shamu. Baba yake alisimamia madrasa ya al-Jawziyya mjini Damascus, ndipo yeye akaitwa mwana wa msimamizi. Alimfuata mwalimu wake Ibn Taymiyya miaka 16 hivi. Mwaka 1326 wote wawili wakafungwa katika ngome ya mji, naye akatoka 1328 baada ya mwalimu kufia humo.

Katika kitabu chake Zad al-Ma'ad ameandika sana juu ya tiba ya Mtume (s.a.w.): asali, habbat sauda, sanamaki, hijama, ruqya. Sehemu hiyo siku hizi inauzwa peke yake, na waganga wengi wanaishika mkononi. Je, wameisoma?

Humo anasimulia kwamba aliugua akiwa Makka, hakupata tabibu wala dawa. Akachukua maji ya zamzam, akayasomea Faatiha, akanywa, akapona. Hiyo mnaijua. Neno linalorukwa ni kwamba hakupata tabibu wala dawa. Hakumkimbia tabibu, ndugu yangu!

Maana huyo huyo alifundisha kwamba kutafuta dawa hakupunguzi kumtegemea Mwenyezi Mungu, kama vile mwenye njaa anavyokula. Akahesabu mambo 20 ambayo tabibu hodari huyaangalia, kama vile aina ya ugonjwa, chanzo chake, nguvu za mgonjwa, umri wake, majira ya mwaka, na nguvu ya dawa yenyewe. Dawa ya kitu kimoja aliitanguliza mbele ya mchanganyiko. (Na sisi tunakunywa chupa ya mizizi saba bila kuuliza kipimo!) Anayejitia utabibu bila elimu akamwangamiza mgonjwa, kwake huyo ana dhamana ya kulipa.

Mimi mwenyewe, zamani, nilimsomea mtoto siku tatu huku malaria inamla, nikapewa kuku. Siku ya nne mama yake akampeleka kituo cha afya, alhamdulillah akapona. Yule kuku bado amenikaa kooni.

Imamu alifariki Damascus mwezi wa Rajab 751, yaani 1350, akazikwa makaburi ya Bab al-Saghir. Allah amrehemu.

Basi mtoto akishikwa na homa, pitia kituo cha afya kwanza, kisha uniite. Nitakuja kumsomea huko huko, kando ya kitanda.