Ernst May: Aliyelikaribisha Jua Frankfurt, Akalikwepa Huku Kwetu

Wasanifu majengo wanamjua Ernst May kwa sababu ya Frankfurt. Mimi nasoma ualimu, sina deni na Frankfurt. Namtafuta kwa sababu ya Arusha na Moshi, na kwa sababu ya fremu mpya za maduka zinazoota hapa Mkonze, kioo kutoka sakafuni mpaka juu, zikitazama jua la jioni uso kwa uso. Huyu mzee alikutana na tatizo hilo kabla wazazi wetu hawajazaliwa.

Alizaliwa Frankfurt mwaka 1886. Akiwa kijana alifanya kazi Uingereza kwa Raymond Unwin, bingwa wa kupanga vitongoji vyenye bustani. Mwaka 1925 jiji lake lilimkabidhi ujenzi wote, na ndani ya miaka 5 zikasimama nyumba zaidi ya 10,000 za watu wa kawaida. Hesabu yake kule ilikuwa rahisi: baridi ni adui, giza linaleta magonjwa. Kwa hiyo safu za nyumba zilipangwa ili kila familia ipate jua ndani.

Mwaka 1930 akaenda Urusi ya Kisovieti na timu yake kupanga miji mipya ya viwanda, ukiwemo Magnitogorsk, mji wa chuma. Mambo hayakwenda alivyotaka. Alipoondoka mwaka 1933, Hitler alikuwa ameshashika Ujerumani na nyumbani hakurudiki. Ndipo akaja Tanganyika, mwaka 1934, akawa mkulima karibu na Arusha. Hebu fikiria: jana unaongoza ujenzi wa jiji zima, leo unangojea mvua kama mimi na wewe tunavyongojea bumu.

Miaka michache baadaye aliacha shamba, akafungua ofisi Nairobi. Vita vilipoanza, Waingereza walimkamata kwa kuwa ni Mjerumani, japo alikuwa mkimbizi wa Wanazi, wakampeleka kizuizini Afrika Kusini. Alitoka mwaka 1942.

Kwangu mimi, kazi kubwa ya maisha yake ni hii: akiwa amevuka miaka 50 alilazimika kugeuza alichokuwa anakijua. Huku jua haliombwi liingie. Chukua Dodoma, nyuzi 6 hivi kusini mwa ikweta. Saa sita mchana jua linakuwa juu sana, hata Juni linapoegemea kaskazini. Dirisha la kaskazini lenye kimo cha mita 1.5 linakingwa na bapa la zege lisilofika mita 1. Upande wa kusini, Desemba, hata pungufu ya hapo. Shida ni mashariki na magharibi, kwa sababu jua la asubuhi na la jioni liko chini na linapita chini ya bapa lolote. Pande hizo zinahitaji ukuta mzito, matundu madogo, au vikinga jua vilivyosimama wima. Ukiweka kioo kitupu, joto linaingia na kunasa humo, halafu unanunua kiyoyozi kupambana na ukuta wako mwenyewe. Kwa mwenye duka dogo hiyo ni faida inayoondoka na luku.

Wagogo walishajua nusu ya somo hili. Tembe lina kuta nene za udongo zinazochelewa kupata moto, na matundu yake ni madogo. Sijui kwa nini tunaona aibu kulitaja kwenye mjadala wa majengo ya kisasa.

Jengo la May ninalolipenda liko Moshi. Chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa kahawa, KNCU, kilichoanzishwa mwaka 1933, kilimpa kazi hiyo mwishoni mwa miaka ya 1940. Walitaka maduka, ofisi na vyumba vya wageni mahali pamoja. Nakazia jambo moja: wenye jengo walikuwa Wachaga wakulima, fedha zikiwa za kahawa yao, wakati wa ukoloni. Mombasa ofisi yake ilichora hoteli ya Oceanic, imepindwa kama upinde ili vyumba vipate upepo wa bahari.

Tusimfanye malaika lakini. Mpango wake wa kupanua Kampala, wa miaka ya 1945 hadi 1947, uligawa watu kwa rangi: Wazungu kwao, Wahindi kwao, Waafrika kwao. Alijua kabisa upepo unapita wapi kwenye chumba, ila hakuhoji nani apewe mlima na nani apewe bonde. Nikiwa mwalimu nitafundisha yote mawili kwenye kipindi kimoja.

Mwishoni mwa 1953, Kenya ikiwa kwenye hali ya hatari kwa sababu ya Mau Mau, alirudi Ujerumani. Akaanza tena na nyumba za wengi, safari hii kutokea Hamburg, na humo ndimo alimofariki Septemba 1970 akiwa na miaka 84. Jengo la Moshi bado limesimama katikati ya mji. Ukipanda basi la likizo kwenda kaskazini, lizunguke lote, uangalie kila upande umepewa nini.