Waties Waring: Jaji aliyetengwa na mji wake kwa kupinga ubaguzi

MIAKA mitatu kabla Mahakama ya Juu ya Marekani haijaharamisha ubaguzi wa rangi katika shule za umma mwaka 1954, jaji mmoja mzungu wa jimbo la South Carolina alikwisha kuandika kwamba ubaguzi huo hauna uhalali wowote mbele ya katiba. Katika jopo la majaji watatu, alikuwa peke yake.

Jaji huyo, Julius Waties Waring, alizaliwa Julai 27, 1880 mjini Charleston, katika ukoo wa kizungu wenye heshima ambao wahenga wake walimiliki watumwa. Baba yake alipigana upande wa majimbo ya Kusini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe.

Mwaka 1914 aliingia katika utumishi wa serikali ya shirikisho akiwa mwendesha mashtaka msaidizi, kazi aliyoifanya hadi mwaka 1921. Baadaye alikuwa mwanasheria wa mji wa Charleston. Mwaka 1942, baada ya kuteuliwa na Rais Franklin Roosevelt, alianza kazi ya ujaji akiwa na umri wa miaka 61. Hakuna aliyemtarajia kwenda kinyume na desturi za kwao.

Kesi iliyombadilisha ilifika mbele yake Novemba 1946. Februari mwaka huo, Sajenti Isaac Woodard, askari mweusi aliyeagwa jeshini saa chache tu kabla, aliteremshwa kwenye basi akiwa bado amevaa sare. Mkuu wa polisi wa mji mdogo wa Batesburg, Lynwood Shull, alimpiga hadi akapofuka macho yote mawili.

Waring, aliyeijua vema kazi ya kuendesha mashtaka, alishuhudia mawakili wa serikali wakiiendesha kesi hiyo kwa ulegevu. Baraza la raia wa kizungu watupu lilichukua muda wa nusu saa hivi kumwachia huru Shull, aliyedai kuwa alikuwa akijitetea. Elizabeth, mke wa jaji, alitoka mahakamani akilia. Tangu hapo wawili hao walianza kusoma vitabu kuhusu hali ya watu weusi nchini mwao.

Mwaka 1947 Waring aliamua kwamba chama cha Democratic cha jimbo hilo hakiwezi kuwazuia weusi kushiriki kura za maoni za kuteua wagombea. Kwa kuwa chama hicho ndicho kilichotawala jimbo, kunyimwa kura hizo kulikuwa sawa na kunyimwa sauti kabisa.

Kisha wazazi weusi wa wilaya ya Clarendon, ambao madai yao yalianza kwa kuomba basi la shule, walifungua kesi. Wakili wao alikuwa Thurgood Marshall, ambaye mwaka 1960 aliwashauri wajumbe wa Kenya katika mazungumzo ya katiba mjini London. Waring alimhimiza asidai usawa wa majengo pekee, bali aushambulie ubaguzi wenyewe. Mwaka 1951 majaji wawili waliikataa hoja hiyo; Waring akaandika maoni ya kupinga. Kesi hiyo ilikuwa miongoni mwa zile zilizounganishwa katika hukumu ya 1954.

Gharama yake ilikuwa kubwa. Marafiki walimkimbia, nyumba yake ilirushiwa mawe, msalaba ulichomwa moto karibu na makazi yake, na wanasiasa wa jimbo walitaka avuliwe ujaji. Mwaka 1952 alistaafu na kuhamia New York, ambako alifariki dunia Januari 11, 1968.

Alizikwa Charleston. Waombolezaji weusi wapatao 200 walimsindikiza. Wazungu walikuwa wachache mno. Mwaka 2015, jengo la mahakama ya shirikisho mjini humo lilipewa jina lake.