Tippu Tip, Liwali wa Maporomoko

Wapendwa wakatekumeni, leo tuyatazame maisha ya mtu mmoja aliyetawala hapa kwetu Kisangani, karibu na maporomoko wanapovua samaki Wagenya. Ndiye Hamed bin Muhammed el Murjebi, aitwaye Tippu Tip.

Alizaliwa Unguja yapata mwaka 1837. Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa misafara, naye akaishika kazi hiyo tangu ujana wake. Alipita bara akitafuta pembe za ndovu. Penye mapatano alinunua. Penye ubishi alipiga vita. Husemwa kwamba mlio wa bunduki zake ndio uliompatia jina lake. Vijiji vikateketea, na watu wengi wakachukuliwa utumwani.

Lakini pia alikuwa hodari wa kutawala na kupatana na wakubwa. Mwaka 1876 alimsindikiza Stanley alipoanza kuufuata mto wetu. Mwezi wa Februari 1887, huko Unguja, Stanley alimwajiri kwa jina la Leopold wa Pili, mfalme wa Wabelgiji, awe liwali wa Stanley Falls, kwa mshahara wa pauni 30 kila mwezi. Naye akaahidi kuzuia biashara ya watumwa. Hivyo chui alikabidhiwa zizi la mbuzi. Wala mfalme mwenyewe hakuwa mchungaji mwema, kwa maana baadaye watumishi wake waliwatesa watu wa Kongo kwa ajili ya mpira.

Mwaka 1890 Tippu Tip alikwenda zake pwani, asirudi tena. Vita vikazuka mwaka 1892 kati ya Waarabu na dola ya Leopold, na mwaka 1893 mwanawe Sefu akauawa. Yeye alikufa Unguja tarehe 14 Juni 1905, akiwa tajiri.

Aliacha kitabu cha maisha yake, alichokiandika kwa Kiswahili. Humo pembe zinahesabiwa kwa frasila. Lakini wale waliozibeba mabegani hata pwani, ni nani leo ayajuaye majina yao?

Ndugu zangu, lugha hii tunayofundishiwa ilifika huku pamoja na misafara ile. Zamani ilitumika kupanga bei ya binadamu. Sasa twaitumia kusali. Basi tusimpime mtu yeyote kwa faida atuleteayo, awe mpagazi, mtumishi au mgeni. Majina tuliyoyasahau sisi, Mungu hakuyasahau.