Habib Swaleh: aliyeibadilisha Lamu bila kunyanyua fimbo

Kila Mfungo Sita mji wa Lamu hujaa wageni. Wanatoka Mombasa, Malindi, Zanzibar, Ngazija na kwengineko, wanateremka gatini na kuelekea Langoni, Msikiti wa Riyadha. Vijana wetu wanalijua zefe na wanayajua matwari. Lakini ukiwauliza mwenye mambo haya alifanya nini hasa, wengi watakwambia alikuwa walii, basi. Ni kweli, lakini si yote.

Sayyid Swaleh bin Alawi Jamalilleyl alizaliwa Ngazija katika karne ya 19, akaja Lamu angali kijana. Alikuwa na jamaa zake hapa, na nasaba yake ya usharifu ilimfungulia milango ya Mkomani, kwenye majumba ya mawe na darsa za wanazuoni. Alisoma kwa masharifu wa mji, akiwemo Mwenye Mansabu, mwanachuoni mkubwa wa zama zile. Angetaka, angeishi maisha yake yote upande huo, akibusiwa mkono.

Lamu ya wakati ule ilikuwa na matabaka, tusifiche. Palikuwa na waungwana na palikuwa na watumwa, na baina yao wageni na mafukara waliokaa vibanda vya makuti upande wa kusini. Elimu ya dini ilikuwa mali ya nyumba fulani. Serikali ya Waingereza ilifuta utumwa kisheria katika pwani hii mwaka 1907. Lakini sheria humtoa mtu katika mkono wa bwana wake. Haimpi kitabu wala haimkalishi barazani pamoja na wenziwe.

Kazi hiyo ndiyo aliyoishika Habib Swaleh, tena aliianza kabla ya sheria hiyo. Alihamia Langoni, akakaa na wale wasiokaliwa. Akawasomesha watumwa, watoto wa watumwa na wageni, Qur'ani na dini yao. Alikuwa pia akitibu wagonjwa kwa dawa za miti, na maskini wakimjua kwa hilo. Hakuwangoja watu wamfuate msikitini, aliwafuata walipo.

Aliona kuwa watu wale wanapenda ngoma. Hakuwaambia waiache kwanza ndipo waje kusoma. Aliyachukua maulidi yaliyotungwa na Habib Ali al-Habshi wa Seiwun, Hadhramaut, yakasomwa Langoni kwa matwari, na aliyekuwa akidharauliwa akawa na sauti katika kumsifu Mtume. Baadhi ya wakubwa na wanazuoni walipinga vikali. Yeye aliendelea kusomesha.

Karne ya 19 ilipokuwa ikiisha na ya 20 ikiingia, msikiti wa Riyadha ukasimama, na kando yake chuo ambacho baadaye kilipokea wanafunzi kutoka pembe nyingi za Afrika Mashariki. Habib Swaleh alifariki mwaka 1935, Allah amrehemu. Kazi haikufa naye, kwa sababu alikuwa ameshalea wanawe na wanafunzi wa kuiendeleza. Mji uliomkunjia uso leo unajivunia maulidi yake.

Nayasema haya kwa sababu vijana wa Lamu leo wana madai mengi: ardhi, bahari, kazi, bandari. Na wamekwisha kuonyesha kuwa wanaweza. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa madhara ya bandari. Tarehe 26 Juni 2019 baraza la rufaa za mazingira likafuta leseni ya mtambo wa makaa ya mawe, kwa kuwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Hakuna jiwe lililowapa ushindi huo. Ulitokana na mikutano ya barazani, kwenda kijiji kwa kijiji, karatasi na subira ya miaka.

Lakini naona mara nyingi mikutano yetu ina watu wale wale. Mvuvi wa Kizingitini, mama wa Pate na mkulima wa bara huitwa siku ya kupiga picha. Habib Swaleh angeanza nao. Angekaa kwao kwanza, angewafundisha wanachohitaji kwa lugha na mila wanazozipenda, angewapa nafasi ya kusema wenyewe, na angelea watakaoshika kazi yeye akiondoka.

Hakuyamaliza matabaka ya Lamu. Mabaki yake bado tunayaona katika posa na katika safu za mbele. Hiyo ni sehemu yetu iliyobaki. Basi Mfungo Sita ukija, tupige matwari, na tuangalie nani tuliyemwacha nje ya mlango.