Muyaka bin Haji: Malenga wa Mvita na Taabu ya Kumlinganisha

Mwanafunzi wa kidato cha nne katika mtaa wa Huruma, mashariki ya jiji la Nairobi, hukutana na shairi la Muyaka bin Haji akiwa amekwisha kufunzwa namna ya kulishughulikia. Huhesabu mishororo ya ubeti, akapata minne, akaandika tarbia. Huhesabu mizani, akapata nane kwa nane. Huonyesha vina vya ukwapi na vya utao, huorodhesha takriri na istiari, kisha huulizwa alilinganishe shairi hilo na jingine. Hapo ndipo kalamu husita, kwani mashairi mawili yenye umbo moja na tamathali zilezile huweza kuwa yanazungumza mambo yaliyo mbali kama ardhi na mbingu. Kwa mashairi ya Muyaka, sehemu kubwa ya jawabu imo katika maisha ya mtunzi mwenyewe na ya mji wake.

Muyaka bin Haji al-Ghassaniy alizaliwa Mombasa yapata mwaka 1776. Mji huo wakati ule ulitawaliwa na Wamazrui, ukoo wenye asili ya Oman ambao tangu miaka ya 1740 ulikuwa umekataa kuwatii watawala wa huko. Nguvu yao ilitegemea mambo mawili: Ngome ya Yesu na mapatano yao na wenyeji wa Mvita, yaani Thenashara Taifa. Muyaka alikuwa mtu wa mji huo hasa. Alishughulika na biashara, akayajua mambo ya vyombo na bandari, akawa karibu na watawala bila ya yeye mwenyewe kuwa mtawala.

Wahakiki wamezoea kusema kwamba Muyaka aliutoa ushairi msikitini akaupeleka sokoni. Kauli hiyo inapendeza, na ina ukweli wake. Tungo ndefu za Kiswahili zilizohifadhiwa kutoka karne ya 18, mathalani Utendi wa Tambuka wa mwaka 1728, kwa kiasi kikubwa ni za kidini, na zimetumia bahari ya utenzi. Lakini kauli hiyo imerahisisha mambo mno. Nyimbo za kidunia, zikiwemo zile zinazonasibishwa na Fumo Liyongo, zilikuwapo kabla ya Muyaka kuzaliwa. Alichokifanya yeye ni kulichukua shairi la mishororo minne na kulifinyanga hadi likaweza kubeba jambo lolote: vita, deni, mapenzi, ugomvi wa mume na mke, kejeli kwa jirani. Na shairi la namna hii, tofauti na utenzi, ni fupi. Humtaka msikilizaji awe anajua tayari kinachozungumzwa.

Jambo hili linaonekana wazi katika uhasama wa Mombasa na Lamu. Yapata mwaka 1812, Wamazrui wakishirikiana na watu wa Pate walipeleka majeshi Lamu, nayo yakashindwa vibaya katika ufuo wa Shela. Lamu, ikihofia kisasi, ikaomba ulinzi wa Seyyid Said wa Oman. Tangu hapo ugomvi wa miji miwili ya Waswahili ukawa mlango wa dola kubwa kuingilia. Malenga wa pande zote mbili walishiriki vita hivyo kwa ndimi zao. Upande wa Lamu ulikuwa na Bwana Zahidi Mgumi, kiongozi aliyekuwa pia mtunzi. Upande wa Mvita ulikuwa na Muyaka. Shairi lilipotoka mji mmoja lilijibiwa katika mji wa pili, aghalabu kwa bahari ileile, na maneno ya mpinzani yakachukuliwa na kugeuzwa.

Katika malumbano ya aina hii, ulinganishi si zoezi la darasani. Ndiyo kazi yenyewe ya ushairi. Msikilizaji wa Lamu alilipima jibu kwa kulitazama shairi lililojibiwa. Je, mtunzi ameitambua istiari ya mwenzake? Ameifungua au ameikimbia? Kina kilichotumiwa na Mvita kuringa, Lamu imekigeuza kuwa cha kudhihaki? Mwanafunzi akitaja kwamba tungo zote mbili zina istiari na majigambo, amesema kweli, ila hajasema ni nani aliyeshinda, nalo ndilo swali walilokuwa nalo wasikilizaji wa kwanza.

Baada ya Shela, mji wa Muyaka uliishi katika wasiwasi kwa robo karne. Mwaka 1824 Wamazrui waliukubali ulinzi wa Waingereza kupitia kwa Kapteni Owen, lakini Uingereza haikuuridhia mpango huo na mwaka 1826 ukavunjika. Kuanzia mwaka 1828 Seyyid Said aliishambulia Mombasa mara kadhaa. Mashairi ya Muyaka ya siasa yanasomeka vizuri zaidi yakiwekwa katika miaka hii. Anawahimiza watu wake, anawacheka maadui, anaonya. Ni mzalendo wa mji, wala si mzalendo wa taifa kwa maana ya leo; wahakiki wanaomfanya mpigania uhuru wa Kenya humpa cheo ambacho hakukijua.

Lichukuliwe shairi linalonasibishwa naye kuhusu kimya. Neno hilo linarudiwarudiwa, na wasikilizaji wanatahadharishwa wasikidharau kimya. Orodha ya tamathali itasema takriri, na mengi ya kusema yataishia hapo. Lakini takriri hii inafanya kazi ya pekee: kila neno kimya linapotamkwa, kimya chenyewe huvunjwa, na tishio huongezeka. Likisomwa katika mji unaongojea merikebu za adui, ni onyo la vita. Likisomwa katika nyumba yenye ugomvi, ni onyo la ndoa. Maneno ni yaleyale na vina ni vilevile. Aliyebadilika ni mwambiwa.

Ndiyo sababu inafaa kumlinganisha Muyaka na Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, mtunzi wa Al-Inkishafi, ambaye umri wake ulikutana kwa sehemu na wa Muyaka. Sayyid Abdalla aliyatazama magofu ya Pate, kumbi zilizokuwa na taa na wageni zikiwa sasa makao ya popo na ndege, akauhutubia moyo wake mwenyewe. Kwake bahari ni dunia: imechafuka, imejaa matumbawe, na anayeisafiri hupata hasara. Kwa Muyaka bahari inabaki kuwa bahari. Ina vyombo, ina upepo wa kusi na wa kaskazi, ina shehena inayoweza kupotea. Na hata chombo kinapokuwa fumbo, hurejea kwa watu wa mji na mambo yao. Wote wawili wanazungumzia mporomoko wa ukuu wa miji ya pwani. Mmoja anauona umekwisha na kuutolea mafunzo ya akhera. Mwingine anaishi ndani ya mji ambao bado haujaanguka, naye hana nafasi ya kuhuzunika. Tofauti hii haionekani kwa kuhesabu taswira.

Hata hivyo, kuna hatari upande wa pili. Kwa kuwa habari za Muyaka ni chache, wasomaji wengi wameyatoa maisha yake ndani ya mashairi yake. Nafsi-neni ikilalamikia deni, inaandikwa kwamba Muyaka alifilisika. Ikilalamikia mpenzi, inaandikwa kwamba Muyaka aliachwa. Malenga wa baraza aliweza kuombwa amtungie mwingine, aliweza kuitwaa sauti ya mwanamke au ya mshitakiwa, na aliweza kutania tu. Mashairi ya vita yana matukio ya kihistoria ya kuyapimia. Yale ya nyumbani mara nyingi hayana, na yastahili kusomwa kwa tahadhari zaidi.

Mwaka 1837 Mombasa ilikwenda mikononi mwa Seyyid Said. Wakuu wa Wamazrui walikamatwa kwa hila, wakasafirishwa hadi Ghuba ya Uajemi, na wengi hawakurudi. Muyaka aliishi kuyaona hayo. Alifariki yapata mwaka 1840, bila diwani iliyochapwa.

Mashairi yake yalibaki vichwani mwa watu na katika karatasi za wachache kwa zaidi ya miaka 40. Aliyeyaokoa kwa sehemu kubwa ni Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi, aliyefariki mwaka 1890, akifanya kazi pamoja na mmisionari William Taylor. William Hichens aliyachapisha Johannesburg mwaka 1940, karne moja baada ya kifo cha mtunzi, na mwaka 1979 Mohamed H. Abdulaziz akatoa kitabu chake kuhusu Muyaka jijini Nairobi, kilomita chache kutoka Huruma.

Kilomita hizo chache hazikuondoa umbali wa lugha. Muyaka alitunga kwa Kimvita. Katika lahaja hiyo njia ni ndia, njaa ni ndaa, macho ni mato, na kucheka ni kuteka. Msomaji wa Huruma aliyelelewa kwa Kiswahili sanifu na Sheng akiliona neno teka atawaza kisima, au kibaya zaidi, watekaji nyara, pale ambapo mtu anacheka tu. Isitoshe, t ya mato hutamkwa kwa ncha ya ulimi kugusa meno, na ile ya mtu hutamkwa nyuma kidogo. Herufi za Kilatini hazionyeshi tofauti hiyo. Sikujua na Taylor waliisikia, wakabuni alama za kuitenganisha katika hati ya Kiarabu. Pamoja na mashairi, Sikujua alieleza pia maana ya maneno magumu na visa vilivyozaa baadhi ya tungo hizo, na hati hizo zimehifadhiwa SOAS, London.